Chembe nyeupe zikipanda, si kila mjamzito ana maambukizi

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kupimia damu imejaa vifupisho na namba ambazo wengi wetu hatuzielewi. Herufi moja tu ndiyo inayoonwa na kila mtu: H, iliyochapwa pembeni ya WBC, ikimaanisha kwamba chembe nyeupe za damu ziko juu. Mama mwenye mimba ya miezi saba, aliyekwenda kliniki akiwa mzima, hana homa wala maumivu, anaambiwa, "Mama, damu yako ina maambukizi," na anaandikiwa sindano za siku tano. Anarudi nyumbani na hofu, pesa zimekwisha, na huenda hakuwa anaumwa chochote.

Mashine haijui kwamba damu hiyo ni ya mjamzito. Mara nyingi imewekewa kiwango cha mtu mzima asiye na mimba, yaani chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila mikrolita ya damu. Kwenye karatasi idadi huandikwa kwa maelfu, hivyo 13,200 za mama huyo huandikwa 13.2. Mwaka 2021 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha uchambuzi wa vipimo vya wajawazito zaidi ya 24,000, wakaonyesha kuwa kiwango cha kawaida katika ujauzito ni kati ya 5,700 na 15,000. Kwa kiwango hicho, yule mama mwenye 13,200 yuko sawa kabisa, na ile H haimhusu.

Uchungu ukianza, idadi hupanda zaidi. Mama anayejifungua salama anaweza kufika 25,000 au hata kukaribia 30,000, kisha hesabu ikashuka siku chache baada ya kujifungua. Kumwanzishia dawa mzazi wa jana kwa sababu ya WBC peke yake, wakati hana homa, tumbo haliumi kupita kawaida na damu ya uzazi haina harufu mbaya, ni kutibu karatasi.

Kinachoongezeka hasa ni nyutrofili, zile chembe zinazowahi kupambana na bakteria. Homoni za ujauzito huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza nyingi zaidi, na zilizopo huishi muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kuna jambo jingine ambalo halielezwi sana. Wakati wote sehemu kubwa ya nyutrofili huwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa ya damu, hazihesabiki. Kortisoli, homoni ambayo huongezeka katika ujauzito na hupanda sana wakati wa uchungu, huzibandua zikaingia kwenye mkondo wa damu. Ni kama bajaji zilizoegeshwa kando ya barabara zikiingia barabarani kwa mkupuo: anayehesabu ataona zimejaa, ilhali hakuna hata moja mpya iliyonunuliwa. Ndiyo maana pia sindano za deksamethasoni, anazochomwa mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae, huweza kupandisha WBC kwa siku kadhaa. Daktari asiyejua kwamba sindano hizo zimetolewa anaweza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Lakini upande wa pili una hatari kubwa zaidi, nao ni kudhani kwamba namba nzuri ni kinga. Utafiti wa Kericho, Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa watu wazima wenye afya katika eneo hilo wana nyutrofili chache kuliko viwango vinavyotumika Marekani. Kwa hiyo mwanamke ambaye WBC yake ya kawaida ni 4,000 anaweza kufika 9,000 akiwa na maambukizi, na karatasi isionyeshe H yoyote. Malaria nayo kwa kawaida haipandishi chembe nyeupe. Mara nyingi huziacha zilivyo au huzishusha. Mjamzito mwenye homa, awe Tanga au Kisumu, lazima apimwe malaria hata kama WBC yake haina kasoro, kwa sababu vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto lishe.

UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ni habari tofauti, na hapa watu wengi huchanganya. Usaha unaoonekana kwenye majibu ya mkojo si WBC ya kwenye damu. Bakteria wakithibitika kwenye mkojo wa mjamzito hutibiwa hata kama haumwi popote, maana mimba hulegeza na kubana njia za mkojo na maambukizi hupanda kirahisi hadi kwenye figo. Ila ushahidi wake hutafutwa kwenye mkojo wenyewe, na kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha mkojo. Damu haiwezi kujibu swali hilo kwa niaba yake.

WBC inakuwa na uzito inapokuja na dalili. Chupa ikipasuka mapema, homa ikafika nyuzi 38 au zaidi, mapigo ya moyo ya mtoto yakaenda mbio na maji yakatoa harufu, hapo 16,000 ni sehemu ya ushahidi wa maambukizi ya ndani ya mfuko wa uzazi, na mama anahitaji antibiotiki mara moja. Vivyo hivyo kwa nimonia au kidole tumbo. Hesabu ikizidi kupanda kila ikipimwa, au ikibaki juu sana wiki nyingi baada ya kujifungua, damu ichunguzwe kwa darubini, kwa kuwa saratani ya damu, ingawa ni adimu mno kwa wajawazito, ipo.

Antibiotiki zisizo na sababu si jambo dogo. Doksisaiklini huweza kutia meno ya mtoto rangi, na kila dozi ya bure huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa tutakazozihitaji siku mama atakapougua kweli. Sipendi kuona mjamzito akinunua dawa duka la pembeni kwa kuonyesha karatasi ya maabara tu.

Ukipewa majibu yenye H, muulize daktari au mkunga: "Hiki ni kiwango cha mjamzito? Maambukizi yako wapi?" Kama ameshakuandikia dawa, usiziache kimyakimya, mwombe akueleze anatibu nini. Na ukiwa na homa, baridi kali, maumivu ya kiuno au tumbo, maji yanayovuja, au mtoto amepunguza kucheza, nenda hospitali leo hii, hata kama majibu ya damu ya wiki iliyopita yalikuwa mazuri.