Bei ya Mlima Mrima

Novemba 2022, tani moja ya kaboneti ya lithiamu nchini China ilikaribia yuani 600,000. Mwaka uliofuata ukiisha, ilikuwa karibu yuani 100,000. Si kwamba magari ya umeme, yanayotumia betri za lithiamu, yalikosa wanunuzi. Bei ilipopanda, wachimbaji wa Australia, Chile, Zimbabwe na China yenyewe walipanua migodi kwa pamoja, na mzigo ukafurika sokoni. Wakati huohuo betri za chuma na fosfeti, zisizotumia kobalti wala nikeli, zilizidi kuenea. Bei ya kobalti ya Congo ikashuka mno, hata Februari 2025 serikali ya Kinshasa ikasimamisha kuiuza nje.

Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, inapaswa kuyafuatilia hayo kwa sababu ya Mrima, mlima wenye msitu wa kaya ya Wadigo, magharibi mwa Msambweni. Mwamba wake umeozeshwa na mvua za enzi na enzi, ukabaki udongo wenye niobiamu, ambayo huimarisha chuma cha pua na vyuma vingine, na madini adimu kama neodimiamu, ambayo hutengenezewa sumaku za mota za magari ya umeme. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kuwa mali iliyomo ina thamani ya dola bilioni 62.4. Mwaka huohuo leseni yake ilifutwa, na mwaka 2018 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaitupa kesi yake ya kupinga hatua hiyo.

Mabilioni yale yalikuwa hesabu ya udongo ambao haujachimbwa. Neodimiamu nayo ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake kati ya 2022 na 2024. Tena kuitenga ni kazi nzito. Base Titanium, iliyochimba mchanga wa Kwale hadi Desemba 2024, ilikuwa na kazi nyepesi zaidi: sumaku ilivuta ilmenaiti, kisha umeme ukatenganisha rutaili, inayoupitisha, na zirkoni, isiyoupitisha. Madini adimu yanafanana mno kikemia. Kuyatenga kunahitaji asidi na hatua nyingi mfululizo, na Mrima una thoriamu, yenye mionzi, itakayobaki kwenye taka. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanyika China, na faida hubaki huko.

Kwa hiyo, wenyeji wa Kwale, akija mtu na hesabu ya mabilioni, mwulizeni mambo matatu: ameipiga kwa bei ya mwaka gani, atayatenga madini wapi, na taka zitalala kwa nani.