Kabla ya kuuza magunia ya maharage kununua simu inayosikia

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya simu za kisasa, hata hivyo, kizuri na kibaya vyote hutembezwa, tena na watu maarufu wanaolipwa ili wavishike mkononi mbele ya kamera.

Mkulima wa Kibondo, au mfanyabiashara mdogo wa maeneo ya Nduta, anayefikiria kuuza magunia ya maharage ili anunue simu janja inayopokea amri kwa sauti, ana haki ya kujiuliza swali moja: je, itamfanyia yeye kile ilichomfanyia nyota wa kwenye tangazo?

Wanunuzi wa Marekani walijiuliza swali hilo zamani, na majibu yao yana funzo kwa watu wa Kigoma.

Oktoba 2011, kampuni ya Apple ilizindua simu ya iPhone 4S ikiwa na Siri, msaidizi anayesikiliza maneno na kujibu. Aprili 2012 yakaanza matangazo ya runinga ya watu maarufu. Mwigizaji Samuel L. Jackson alionekana akiandaa chakula huku akiiamuru simu imfutie ratiba ya gofu. Mwenzake, Zooey Deschanel, aliiuliza kama ile ni mvua, kisha akataka supu ya nyanya. Baadaye akafuata John Malkovich.

Watazamaji waligawanyika. Wapo waliofurahi, na wapo waliocheka, hasa tangazo la Deschanel. Walihoji kwa nini mtu aulize simu habari ya mvua wakati dirisha liko mbele yake. Vichekesho vya kuliigiza vikaenea.

Wengine hawakucheka. Mwezi mmoja kabla ya nyota hao kutokea, mnunuzi mmoja alikuwa amefungua kesi California akidai kuwa Siri aliyoinunua haikufanana na ile ya kwenye matangazo. Kesi hiyo ilitupwa mwaka 2014, lakini malalamiko yenyewe yalieleweka kwa wengi: simu ilikuwa ikichelewa kujibu, au haikuelewa kabisa ilichoulizwa.

Kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakuliona. Chini ya picha za matangazo yale yalipita maandishi madogo yakieleza kuwa hatua zimefupishwa. Kwa maneno mengine, nyota alijibiwa papo hapo kwa sababu muda wa kusubiri ulikuwa umekatwa.

Kupendwa si ushahidi

Februari 2018, Amazon nayo ilitangaza msaidizi wake, Alexa, wakati wa fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Iliwatumia mwanamuziki Cardi B, mpishi Gordon Ramsay na mwigizaji Anthony Hopkins. Tangazo hilo lilishika nafasi ya kwanza katika kura za watazamaji zinazoendeshwa na gazeti la USA Today.

Lakini watazamaji walipigia kura kichekesho, si mashine. Mtu anaweza kupenda tangazo kwa moyo wote na bado akanunua kitu kisichomfaa.

Hilo lilidhihirika zaidi baadaye. Septemba 2024, Apple ilimtumia mwigizaji wa Uingereza, Bella Ramsey, aliyeonekana akiiuliza Siri jina la mtu aliyewahi kukutana naye, na simu ikamkumbusha. Machi 2025 kampuni ikatangaza kuwa uwezo huo ungechelewa. Tangazo likaondolewa, na mwezi huohuo wanunuzi wakaenda mahakamani wakidai wameuziwa ahadi.

Nyota naye ni kibarua

Hapa nchini, wanamuziki na wachekeshaji hutumika sana kutangaza bidhaa, zikiwamo za simu. Mwananchi akisikia sauti anayoipenda redioni, huamini kuwa mwenye sauti ameipima bidhaa kwanza.

Ukweli ni kwamba nyota husoma alichopewa. Na si ajabu yeye mwenyewe asinufaike. Mwaka 2018, aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya matangazo ya wasanii, baada ya kuibuka suala la mikataba ya mchekeshaji King Majuto, aliyefariki dunia Agosti mwaka huo. Ikiwa mwenye sura anaweza kupunjwa, mnunuzi asidhani kuwa sura hiyo ni dhamana yake.

Lugha na mtandao

Kwa mtu wa Kibondo na Kasulu, vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni lugha. Siri ilipoanza ilijua Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Agosti 2017, Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kuzungumza. Kiha hakikuwamo, wala Kirundi kilichokuwa kikizungumzwa na wakimbizi wa kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015.

Tena kuandika unachosema ni jambo moja, kuelewa na kukujibu ni jambo jingine.

Kikwazo cha pili ni mtandao. Mara nyingi sauti ya mtumiaji husafirishwa hadi kwenye kompyuta za mbali, ikafasiriwa huko, ndipo jibu likarudi. Bila bando, au pale mtandao unapokatika bondeni, msaidizi huyo ni bubu.

Hata simu za bei nafuu hazikwepi hilo. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi yenye mfumo wa KaiOS, ili mtumiaji wa kitochi naye aingie mtandaoni. Bei ya simu ilishuka, lakini bando bado linanunuliwa.

Afanye nini mnunuzi?

Kwanza, aombe simu iwashwe dukani, kisha azungumze nayo mwenyewe, kwa Kiswahili chake na lafudhi yake. Aulize jambo analolihitaji, si lile alilouliza nyota.

Pili, abonyeze *#06# na kulinganisha namba itakayotokea na ile iliyo kwenye boksi. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia, na wengi wakabaki na vipande vya plastiki mkononi.

Tatu, adai risiti na dhamana ya maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Lakini asiye na risiti atapata shida kuthibitisha dai lake.

Nne, apige hesabu ya mwaka mzima: bando, chaji na matengenezo. Kama anachotaka ni taarifa za kilimo tu, Wizara ya Kilimo ilianzisha M-Kilimo inayopatikana kwa *152*00#. Hiyo hufanya kazi kwenye kitochi cha kawaida, tena kwa Kiswahili.

Simu inayosikia inaweza kumfaa sana asiyejua kuandika vizuri, au mwenye mikono yenye udongo. Kwa mtu kama huyo, gharama yake inaweza kurudi. Lakini nyota wa kwenye tangazo hakuuza maharage ili aipate, alilipwa aishike. Mkulima ndiye anayetoa fedha yake, hivyo kupima ni kazi yake mwenyewe.