Jiwe la Mapendo na Mwanzo wa Ulimwengu

1. Jiwe jeusi

Mapendo ni mtaa mmoja wa mji wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini. Mtu akichimba ardhi ya Goma hakawii kugonga jiwe. Jiwe hilo ni jeusi, lina vitundu vingi, nalo hukwaruza mkono. Watu hulijengea kuta na nyua, na watoto hulikalia wakati wa kupumzika.

Jiwe hilo limetoka katika mlima Nyiragongo, ambao una urefu wa meta 3,470. Ndani ya mlima mna moto, na moto huo huyeyusha mawe yakawa kama uji. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka. Mto wa moto ukashuka, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Maelfu ya nyumba yaliungua, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua pia. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena, ukafunika nyumba nyingi upande wa kaskazini wa mji.

Wazee wa kale waliuogopa mlima huo. Walisimulia kwamba moto wake ni makao ya roho za wafu. Wataalamu wa siku hizi wanaupima kwa vyombo vyao, nao wanaeleza jinsi moto unavyopanda kutoka chini ya ardhi.

2. Ubishi wa ndugu wawili

Tufikiri juu ya ndugu wawili wa Mapendo, mkubwa na mdogo. Jioni wamekaa juu ya ukuta wa mawe. Mdogo anauliza: "Yaya, nani aliumba jiwe hili?"

Mkubwa amejifunza shuleni habari za volkano. Anajibu: "Hakuna aliyeliumba. Lilitoka Nyiragongo."

"Lakini katekista amesema Mungu aliumba vitu vyote."

"Basi chagua. Ama ni mlima, ama ni Mungu."

Mdogo ananyamaza. Moyo wake umeingia hofu. Kama yaya amesema kweli, basi katekista amemdanganya. Naye mama, asalipo kila asubuhi, anasali bure. Kama katekista amesema kweli, basi masomo ya shule ni uongo.

Ubishi huu si wa watoto tu. Mlima ukipasuka, wako watu wazima wasemao: "Ni adhabu ya Mungu, mtaalamu hajui kitu." Na wako wengine wasemao: "Ni moto wa ardhi, kwa hiyo Mungu hayuko." Pande zote mbili zimekosea kwa namna moja: zimedhani kwamba jibu moja lazima lifukuze la pili.

Tazama chukudu inayoteremka njiani na mzigo wa viazi. Ukiuliza: "Kwa nini inateremka?" mtu aweza kujibu: "Kwa sababu njia imeinama na mzigo ni mzito." Mwingine aweza kujibu: "Kwa sababu mwenyewe anapeleka viazi sokoni." Nani amesema kweli? Wote wawili. Wa kwanza ameeleza jinsi chukudu inavyokwenda. Wa pili ameeleza inakwenda kwa ajili ya nini, na ni ya nani.

3. Padri aliyehesabu mbingu

Swali la jiwe ni dogo. Liko swali kubwa zaidi: nyota zote, jua, mwezi na dunia vilianzaje? Mmoja wa watu waliosaidia sana kulijibu alikuwa padri.

Jina lake ni Georges Lemaître. Alizaliwa Charleroi, nchini Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza aliacha masomo, akawa askari wa mizinga. Vita vilipokwisha alirudi kusoma hesabu, kisha akaingia seminari. Alipadirishwa mwaka 1923. Baadaye alisoma elimu ya nyota Uingereza na Marekani, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Chuo hicho ndicho kilichoanzisha Lovanium, karibu na Léopoldville, mwaka 1954.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ulimwengu umetulia: haukui wala haupungui. Mwaka 1927 Padri Lemaître aliandika kwamba sivyo. Alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, na makundi makubwa ya nyota yanazidi kuachana.

Jambo hili laweza kufahamika jikoni. Mama anakanda unga wa mandazi, anatia chachu, anachanganya na punje za karanga. Unga ukiumuka, kila punje inakwenda mbali na wenzake. Punje hazikutembea, ni unga uliopanuka. Ndivyo yalivyo makundi ya nyota.

Einstein, bingwa mkubwa wa siku zile, alikutana naye Brussels mwaka huo huo. Alikubali kwamba hesabu ni sawa, lakini maana yake hakuipenda. Mwaka 1929 Edwin Hubble, Mmarekani, alitangaza vipimo alivyovifanya kwa darubini kubwa: makundi yaliyo mbali zaidi yanatuacha kwa mbio zaidi. Polepole wataalamu walikubali. Mwaka 2018 wataalamu wa nyota wa dunia nzima walishauri kanuni hiyo iitwe kwa majina yao wawili, Hubble na Lemaître.

Padri aliendelea kufikiri. Kama vitu vinaachana leo, basi jana vilikuwa karibu zaidi, na juzi karibu zaidi tena. Mwaka 1931 alieleza kwamba zamani sana vyote vilikuwa pamoja, vimebanana katika kitu kimoja kidogo, ambacho kiligawanyika na kutawanyika.

Wengine walimpinga. Mwingereza Fred Hoyle alisema kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Mwaka 1949, akizungumza katika redio, aliliita wazo hilo "mshindo mkubwa". Jina hilo la mpinzani ndilo linalotumika mpaka leo.

4. Joto lililobaki

Nani angeweza kuamua? Hakuna mtu aliyekuwapo mwanzoni. Lakini moto ukipita huacha alama.

Baada ya moto wa mwaka 2002, mawe ya Goma yalibaki na joto siku nyingi. Juu yalikuwa meusi na magumu, lakini ndani joto lilikuwamo bado. Mgeni ambaye hakuuona moto angeweza kuweka mkono karibu na kusema: "Moto umepita hapa."

Mwaka 1964 Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakipima mawimbi ya redio kwa chombo kikubwa. Walisikia mvumo mdogo usiokoma. Walisafisha chombo, hata mavi ya njiwa wakayaondoa. Mvumo haukukoma. Usiku na mchana ulitoka pande zote za mbingu. Kumbe, lilikuwa ni joto lililobaki la siku za mwanzo za ulimwengu, ambalo limepoa sana. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1965. Padri Lemaître aliambiwa alipokuwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki tarehe 20 Juni 1966.

Leo wataalamu wanahesabu kwamba kupanuka huko kulianza miaka bilioni 13.8 iliyopita. Dunia yetu ni changa zaidi: ina miaka karibu bilioni 4.5.

5. Je, hapo Mungu amethibitishwa?

Mtu aweza kusema: "Basi, ulimwengu una mwanzo. Kwa hiyo Mungu yuko, na ubishi umekwisha." Mwaka 1951 Papa Pio wa 12, katika hotuba yake, alisema kwamba elimu ya nyota yaonekana kuushuhudia mwanzo wa vitu vyote. Wengi walifurahi. Lakini Padri Lemaître hakuona raha. Mwaka 1958, katika mkutano mjini Brussels, alisema wazi kwamba nadharia yake haiingii katika maswali ya dini. Asiyeamini yuko huru kuikubali, na bado asiamini.

Kwa nini padri aseme hivyo? Kwa sababu alijua kwamba hesabu zaweza kusahihishwa. Atakayejenga imani yake juu ya hesabu, siku hesabu ikibadilika, imani yake itaanguka nayo. Alijua pia kwamba Mungu si kitu kimoja kati ya vitu, hata apimwe kwa darubini.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha jambo la kufanana na hilo. Alisema kwamba kwa akili peke yake mtu hawezi kuhakikisha kwamba ulimwengu ulianza siku moja. Lakini hata kama ungekuwapo tangu milele, bado ungemhitaji Mungu. Fundi akiisha kujenga nyumba huenda zake, nayo nyumba husimama. Wimbo si hivyo. Mwimbaji akinyamaza, wimbo hakuna tena. Kuumba kwa Mungu kunafanana na wimbo kuliko nyumba: vitu vyote vipo kwa sababu yeye anavishika hata sasa.

Asiyeamini hujibu: "Ulimwengu upo tu, hauhitaji sababu." Tena huuliza: "Kama Mungu ni mwema, kwa nini moto uliwaunguza wasio na kosa?" Maswali hayo si ya kuchekwa. Waamini wenyewe huyauliza wakiwa na machozi. Kanisa hufundisha kwamba akili ya mtu yaweza kumjua Mungu kwa viumbe vyake, lakini hiyo si njia ya kupima na kuhesabu. Ni njia ya mtu ajiulizaye: kwa nini kuna vitu, wala si utupu? Na kwa nini moyo wangu watafuta kweli na wema?

6. Jibu kwa mdogo

Turudi ukutani. Mama amesikia ubishi wa wanawe. Anakuja na kulishika jiwe.

"Wanangu," anasema, "jiwe hili lilitoka Nyiragongo, nililiona mimi mwenyewe likiwa moto, nikakimbia nikiwa nimembeba dada yenu mgongoni. Na mlima, na moto, na mimi niliyekimbia, sote tumo mikononi mwa Mungu. Yaya wako asome sana, apate kujua mlima utapasuka lini, atuonye. Nawe sali. Na mtu akipoteza nyumba, msimwambie kwamba Mungu amemwadhibu. Mpeni mahali pa kulala."

Mdogo anacheka, hofu imemtoka. Mkubwa anaendelea kulitazama jiwe. Swali lake halijakwisha, wala si vibaya. Padri Lemaître naye aliuliza mpaka siku za mwisho wake, na kila asubuhi alisoma Misa.

Maswali

1. Jiwe jeusi la Goma limetoka wapi?
2. Ndugu wawili walikosea kwa nini katika ubishi wao?
3. Joto la mawe ya mwaka 2002 linafanana na nini mbinguni?
4. Kwa nini Padri Lemaître hakutaka hesabu zake ziwe uthibitisho wa Mungu?
5. Mama aliwaagiza wanawe wafanye nini?