BUNDUKI YA UPEPO INAPOHARIBIKA
Jinsi ya kutambua ubovu wake na kuutengeneza bila kumdhuru mtu

Watu wengi hudhani kwamba bunduki ya upepo ni kitu cha kuchezea watoto, kwa sababu haitumii baruti na mlio wake ni mdogo. Mawazo hayo si sawa. Risasi yake, ingawa ni ndogo kama punje ya mtama, hutoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya meta 150 kwa sekunde moja, na katika bunduki zenye nguvu hupita meta 200. Hakuna jicho liwezalo kustahimili pigo la namna hiyo.

Tena yafaa kukumbuka kwamba bunduki mbovu ina hatari kuliko iliyo nzima. Iliyo nzima, mwenyewe anaijua tabia yake. Iliyo mbovu huweza kufyatuka wakati ambapo hakuna aliyeitazamia, au huweza kubakiza risasi ndani ya mtutu, na watu wote wakadhani imekwisha toka. Kwa hiyo kazi ya kuitengeneza si kazi ya kukisia. Kwanza ubovu utambuliwe, ndipo bisibisi ishikwe.

Chombo hiki si kigeni duniani. Karibu na mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartolomeo Girandoni, ambayo hewa yake ilishindiliwa kwa pampu ya mkono ndani ya kitako chake cha chuma. Lakini aina inayoonekana sana mikononi mwa watu ni ile ya kamani, yaani springi. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza, kilianza kuziunda bunduki hizo mwaka 1905 kwa mfano wa Lincoln Jeffries. Na huko Rastatt, Ujerumani, kiwanda kilichouza bunduki zenye jina la Diana kilianzishwa mwaka 1890. Habari zinazofuata ni za bunduki ya kamani ambayo mtutu wake hukunjwa.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Mtu aliyezoea kutia upepo baiskeli hatapata taabu kuifahamu bunduki hii, kwa kuwa ndani yake mna pampu. Kuna silinda ya chuma, na ndani ya silinda mna pistoni yenye ngozi kichwani, kama ile ya pampu ya baiskeli. Katika bunduki za siku hizi, badala ya ngozi huwekwa plastiki ngumu. Nyuma ya pistoni kuna kamani nene ya chuma.

Mtutu ukikunjwa kuelekea chini, mkono wa chuma huisukuma pistoni nyuma na kuishindilia kamani, mpaka jino dogo linapoinasa na kuizuia. Ndipo risasi hutiwa katika tundu la nyuma ya mtutu, na mtutu hurudishwa mahali pake. Kifyatuo kikivutwa, jino huachia. Kamani huitupa pistoni mbele, hewa hubanwa, hupenya katika tundu jembamba, na kuisukuma risasi. Mambo hayo yote huisha kabla mtu hajapepesa jicho.

Basi ubovu mwingi wa bunduki hii hutokana na mojawapo ya mambo matatu: hewa inavuja, kamani imechoka, au jino halishiki. Fundi akiyashika hayo matatu hatapoteza wakati wake bure.

KABLA YA KUIGUSA

Kwanza, mtutu uelekezwe mahali pasipo mtu wala mnyama, tangu mwanzo wa kazi mpaka mwisho, hata kama mwenyewe ameapa kwamba bunduki ni tupu.

Pili, ihakikishwe kwamba haina risasi. Mtutu ukunjwe kidogo tu, hata tundu lake la nyuma lionekane, wala usikunjwe mpaka jino linase. Ikiwa bunduki ililetwa ikiwa imekwisha shindiliwa, na haijulikani kama ina risasi, ipigwe katika kichuguu au lundo la udongo laini, watu wote wakiwa nyuma ya mpigaji.

Tatu, kifyatuo kisivutwe kamwe mtutu ukiwa umekunjwa. Kamani itaurudisha mtutu kwa nguvu nyingi; vidole vilivyo njiani vitavunjika, na mtutu wenyewe huweza kupinda.

Nne, bunduki isipigwe bila risasi kwa kuijaribu tu. Risasi ndiyo inayozuia hewa kidogo mbele ya pistoni, na hewa hiyo huwa kama mto wa kuipokea. Pasipo risasi, pistoni hugonga mwisho wa silinda chuma kwa chuma, na ngozi na kamani huharibika upesi.

NGUVU IMEPUNGUA

Huu ndio ubovu unaolalamikiwa sana. Fundi mwenye akili huanza na mambo yasiyo na gharama.

Atazame risasi kwanza. Bunduki hizi kwa kawaida ni za vipimo viwili, milimeta 4.5 na milimeta 5.5. Risasi ya 4.5 ikitiwa katika mtutu wa 5.5 huwa imelegea, na hewa hupita kandokando yake. Risasi nyingi huwa na kiuno chembamba, na sehemu ya nyuma imetanuka kama marinda. Marinda hayo ndiyo yanayoziba hewa. Yakiwa yamepondeka kwa kubebwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, nguvu hupotea. Mara nyingi bunduki iliyosemwa kuwa imekufa hupona kwa kununuliwa kopo jipya la risasi.

Halafu atazame maungio ya mtutu na silinda. Hapo pana pete ndogo ya ngozi au ya mpira. Kuijaribu ni rahisi: kipande cha karatasi nyembamba, kama ya kusokotea sigara, kilazwe juu ya maungio, kisha bunduki ipigwe ikiwa na risasi. Karatasi ikirushwa, hewa inavuja hapo. Pete ya zamani itolewe kwa pini, na mpya itiwe, nene vilevile, ikitokeza juu kidogo sana ili mtutu ukifungwa uibane. Kidole kisitumiwe kujaribu badala ya karatasi.

Karatasi isipotikisika, basi huenda ngozi ya pistoni imekauka. Kila mwenye baiskeli anajua pampu iliyokaa mwaka mzima juani: huvutwa na kusukumwa, na gurudumu haliingii kitu. Bunduki iliyotundikwa darini miaka mingi hupatwa na jambo lilo hilo. Ikiwa ni ya ngozi, matone mawili au matatu ya mafuta ya kwato za ng'ombe yatiwe katika tundu jembamba la hewa, kisha bunduki isimamishwe kwa kitako usiku kucha, ili mafuta yaifikie ngozi na kuilainisha. Ikiwa ni ya plastiki, dawa hii haifai.

Yote hayo yakishindikana, kamani imechoka au imevunjika. Dalili zake ni hizi: mtutu hukunjika kwa wepesi kuliko zamani, au husikika mkwaruzo ndani yake, au bunduki hutetemeka sana baada ya kupigwa.

MOSHI NA KISHINDO

Pengine bunduki hulia kwa kishindo kama ya baruti, na moshi wenye harufu ya mafuta yaliyoungua hutoka mtutuni. Mwenyewe hufurahi, akidhani imeongezeka nguvu. Hiyo si furaha, ni uharibifu.

Hewa ikibanwa ghafula huwa na moto mkali. Hata pampu ya baiskeli hupata joto mkononi. Rudolf Diesel alitumia njia hiyo hiyo katika injini yake iliyofaulu mwaka 1897, na mpaka leo malori huchoma mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, bila cheche. Basi mtu anapomimina mafuta ya mashine, au mafuta ya kupikia, au ya taa, ndani ya silinda, huigeuza bunduki kuwa injini. Mafuta hulipuka, ngozi huungua, na kamani huvunjika. Bunduki mpya huweza kutoa moshi kidogo siku za kwanza, na hilo si neno. Lakini moshi ukiendelea, mafuta yakomeshwe, na ipigwe risasi kadhaa mpaka moshi uishe. Usipoisha, silinda haina budi kufunguliwa na kusafishwa.

JINO HALISHIKI

Ikiwa mtutu unakunjwa mpaka mwisho na bunduki haishiki, au inashika kisha yafyatuka yenyewe inapotikiswa, basi jino limelika, au limejaa uchafu, au mtu amechezea parafujo ya kulegeza kifyatuo. Uchafu usafishwe, na parafujo irudishwe kama ilivyokuwa.

Lakini jino lililolika lisipigwe tupa. Hapa ndipo mafundi wengi hukosa. Chuma cha jino mara nyingi kimekaushwa kwa moto kiwe kigumu upande wa juu tu, na ndani ni laini. Tupa huondoa ule ugumu, na jino hushika vizuri juma moja, kisha huachia siku ambayo mtu ameinamia bunduki akitia risasi. Jino bovu hutupwa, likatiwa jipya. Mpaka jipya lipatikane, bunduki hiyo isitumike.

RISASI IMEKWAMA, AU HAIPIGI SHABAHA

Risasi ikikwama mtutuni, nyingine isipigwe nyuma yake ili kuitoa. Mtutu ukunjwe kidogo, pasipo jino kunasa, na kijiti kigumu cha mti kilichonyoka kisukumwe toka mdomoni kuelekea nyuma, polepole. Msumari na waya wa chuma visitumiwe, kwa maana ndani ya mtutu mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, nayo ikikwaruzwa risasi haitakwenda tena sawasawa.

Bunduki ikikosa shabaha, parafujo zote za kitako na za vilengeo zikazwe kwanza, maana mtikisiko wa kamani huzilegeza. Pia mshiko utazamwe. Bunduki ya kamani huruka nyuma na mbele kabla risasi haijatoka. Anayeibana kwa nguvu, au anayeilaza juu ya jiwe, huipotosha. Hushikwa kwa mkono mwepesi.

KUFUNGUA SILINDA

Kazi hii ndiyo yenye hatari kuu. Hata bunduki isiposhindiliwa, kamani iliyo ndani imebanwa tayari. Pini au kifuniko cha mwisho kikitolewa ovyo, kamani huruka na vyuma vyake, na uso wa fundi ndio ulio karibu. Kwa hiyo kifuniko kishikwe kwanza kwa kibano kirefu cha seremala, pini zitolewe, kisha kibano kilegezwe kidogo kidogo mpaka kamani imalize nguvu zake. Asiye na kibano asifungue. Aipeleke kwa fundi wa bunduki mwenye kibali. Kupelekwa kwa fundi ni gharama ya siku chache, lakini jicho halina kipuri.

Vyuma vipangwe juu ya kitambaa kwa utaratibu wa kutolewa kwake. Kamani ipakwe grisi kidogo, wala grisi isifike mbele ya pistoni. Baada ya kufungwa, bunduki ijaribiwe mara kumi kwa karatasi iliyowekwa mbele ya lundo la udongo, na watoto wakiwa mbali.

SHERIA NA MAHALI PA KUIWEKA

Katika nchi nyingi sheria huihesabu bunduki ya upepo pamoja na silaha. Huko Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016, hakuna ruhusa ya kuwa nayo bila kibali. England na Wales bunduki ya namna hii yenye nguvu zaidi ya jouli 16 na kidogo huhitaji cheti. Kabla ya kununua bunduki, kuitengeneza, au kumpa mtu mwingine, yafaa kuuliza katika kituo cha Polisi. Kwa watu wa Kenya, wakumbuke pia kwamba uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Bunduki iliyopona si ruhusa ya kupiga ndege na wanyama wa porini.

Mwisho, bunduki iliyotengenezwa iwekwe ikiwa tupu, bila kushindiliwa, maana kamani iliyobanwa siku nyingi huchoka. Ifungiwe kwa ufunguo, na risasi zifungiwe mahali pengine. Mtoto akiikuta bunduki ya namna hiyo hatakuwa amekuta chombo cha kumpofua mwenzake, na hiyo ndiyo alama ya kazi iliyokamilika.