Punda si mkaidi, anaogopa tu: Jinsi ya kumwokoa, kumtuliza na kumtunza

Ukipanda barabara ya kutoka mjini Embu kuelekea Manyatta asubuhi na mapema, kuna mfanyakazi mmoja utakayempita bila hata kumtupia jicho. Hana simu, hana chama cha kumtetea, hana likizo. Anavuta mitungi ya maji, nyasi za ng'ombe, magunia ya viazi na mawe ya mjengo. Jioni mshahara wake ni kufunguliwa kamba ajitafutie majani kando ya barabara.

Sisi vijana tunamjua zaidi kwa mafumbo. "Punda amechoka," tunasema bei ya unga ikipanda. "Punda afe, mzigo wa bwana ufike," tunasema bosi akitubana. Lakini yule punda mwenyewe, mwenye kidonda mgongoni na kwato zilizopinda, akiacha kuvuta anafukuzwa tu. Utamwona sokoni akichakura maganda na mifuko ya plastiki, hana mwenyewe, na kila mtoto anamrushia jiwe.

Swali ni hili: ukimkuta huyo punda, wewe ungefanya nini?

Kabla ya jibu, mjue kwanza.

Huyu ni wa hapa kwetu

Mwaka wa 2022, watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza jeni za punda kutoka sehemu nyingi za dunia. Walichogundua ni kwamba punda wote wa kufugwa wana asili moja: walianza kufugwa takriban miaka 7,000 iliyopita, Afrika Mashariki. Kutoka huku ndiko walikosambaa hadi Misri, Asia na Ulaya. Baadaye Wahispania wakawavusha bahari hadi Amerika.

Huko Marekani, baadhi yao walitoroka au kuachwa, wakawa wa porini, sawa na wale farasi wa mwituni wanaoitwa mustang ambao umewaona kwenye filamu. Mwaka wa 1971, Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda farasi hao, na sheria hiyohiyo ikawataja punda pia. Wakizidi malishoni, serikali hukamata baadhi yao na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Kuna watu ambao kazi yao ni kumchukua mnyama ambaye hajawahi kuguswa na binadamu na kumtuliza taratibu mpaka akubali hatamu.

Yaani kitukuu cha punda wa kwetu analindwa kwa sheria ng'ambo. Binamu yake aliyebaki nyumbani je?

Walipima ngozi, wakasahau kazi

Kuanzia 2016, vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini: Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Soko kubwa lilikuwa ngozi. Nchini China, ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi inayotengeneza dawa ya jadi iitwayo ejiao.

Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Ikaonya kwamba mambo yakiendelea hivyo, Kenya ingebaki bila punda kufikia 2023. Fikiria mwenyewe: punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Huwezi kuchinja kwa maelfu kila mwezi na utarajie mazizi yajae. Sensa ya 2009 ilipata punda takriban milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2.

Wizi nao ukaingia. Watu walilala na punda zizini, wakaamka na kamba iliyokatwa. Punda walichinjwa vichakani usiku na nyama haijulikani ilikoenda. Mwezi wa Februari 2020, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021, Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hayo. Halafu Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Makubaliano ya Addis Ababa ni mazuri, lakini hayamfungii punda wako zizini usiku. Hiyo kazi ni ya mtu aliye karibu naye. Na punda anayezurura bila mwenyewe ndiye wa kwanza kupotea.

Ukimpata aliyetupwa

Usimfunge kamba na kumpeleka kwenu. Nia yako inaweza kuwa safi, lakini kesi ya wizi wa mifugo si mchezo. Anza kwa kuuliza majirani ni wa nani. Mjulishe mzee wa mtaa au chifu. Kisha mpigie afisa wa mifugo wa wadi yenu, au mfike ofisini kwake. Piga picha ya kidonda na uandike mahali na saa, maana punda hutembea.

Ujue pia kwamba sheria ipo. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha mzigo unaomzidi, au kumfanyisha kazi akiwa na jeraha au ugonjwa usiomruhusu. Lakini tulia kabla ya kumrekodi mwenye mkokoteni na kumwanika mtandaoni. Mara nyingi ni kijana kama wewe, punda si wake, na tajiri anataka hesabu jioni. Maneno mawili ya heshima, "Kaka, hii kamba inamkata, tuweke gunia hapa," yanaweza kumsaidia punda leo leo. Polisi waje kama ukatili unaendelea.

Kuna mashirika yanayofanya kazi hii: chama cha KSPCA kilicho Nairobi, ambacho huokoa wanyama na kuwatafutia makao, na Brooke, linaloshughulikia punda, farasi na nyumbu wa kazi. Kule Lamu, ambako punda ndiye gari, kituo cha kuwatibu kimekuwapo tangu 1987.

Namna ya kumtuliza

Sasa tuseme mwenyewe amekubali, chifu anajua, na punda yuko katika boma lenu. Hakubali kuguswa. Ukiinua mkono anaruka. Watu watakwambia ni mkaidi, mpe kiboko. Usiwasikize.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama kabisa, apime hatari kwanza. Mababu zake waliishi kwenye nchi kavu ya mawe, ambako kukimbia ovyo ni kujivunja mguu. Kwa hiyo anapogoma mbele ya daraja au dimbwi, anafikiria. Ukimchapa, umemthibitishia kwamba mahali pale ni pabaya kweli.

Siku za kwanza, usimguse. Mwekee maji safi na nyasi kavu, kisha kaa mahali anapokuona. Cheza na simu yako, ongea kwa sauti ya chini, imba ukitaka. Azoee tu kwamba ukiwapo, hakuna baya linalotokea.

Ukianza kumsogelea, usiende moja kwa moja usoni wala nyuma. Macho yake yako pembeni, kwa hiyo hakuoni vizuri ukiwa mbele kabisa ya paji lake au nyuma ya mkia. Njoo ubavuni, ukielekea begani, huku unaongea. Tazama masikio. Yakikuelekea, anakusikiliza. Yakilala nyuma kabisa, anakuonya. Akikaza mwili, simama, rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo siri yote ilipo: akijua kwamba ukimuudhi unarudi nyuma, hatakuwa na haja ya kukupiga teke.

Siku atakayokubali, mkune begani au shingoni, si usoni. Baadaye mgongo, tumbo, na miguu iwe ya mwisho. Mguu uinue sekunde moja tu kisha uushushe wewe kabla yeye hajaunyakua. Kesho sekunde mbili. Hatamu iwe laini na isimbane pua. Usimvute. Simama kando yake, kaza kamba kidogo, na akipiga hatua moja legeza papo hapo. Huko kulegeza ndiko malipo yake.

Itachukua muda gani? Wengine wiki, wengine miezi, kutegemea alivyopigwa. Kama ni dume ambaye hajahasiwa na ni mkali, mwite daktari wa mifugo amhasi. Usijaribu mwenyewe.

Jambo moja la kuzingatia sana: punda aliyebadilika ghafla akawa mkali, anadondosha mate au anashindwa kumeza, usimshike kabisa wala usitie mkono mdomoni mwake. Huenda ni kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo unaua. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kumtunza bila mambo mengi

Chakula chake ni rahisi. Punda aliumbiwa nchi kavu, kwa hiyo nyasi kavu na mabua ndiyo chakula chake kikuu. Majani mabichi mengi na unga mwingi humnenepesha vibaya na huweza kumwumiza kwato. Maji safi ni kila siku, hasa akifanya kazi.

Manyatta kuna baridi, nawe unaijua Julai ilivyo huku juu karibu na msitu. Manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi. Paa la mabati machache na sakafu isiyo na matope vinamtosha. Afungiwe humo usiku, kwa sababu ya wezi pia.

Kwato zake hukua kama kucha zako. Zinahitaji kukatwa na anayejua kila baada ya wiki sita hadi kumi. Dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, muulize daktari ratiba yake. Lile jina pepopunda unalolisikia hospitalini halikuja bure: punda ni mwepesi wa kupatwa na ugonjwa huo kupitia vidonda. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Oili chafu ya gari na maji ya betri si dawa, hata kama kila mtu mtaani anazitumia.

Akipona na kurudi kazini, angalia anavyofungwa. Nira ya ng'ombe haimfai, kwa sababu ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo, ilhali punda husukuma kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana kifuani wenye kitu laini ndani, si waya wala kamba ya nailoni. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asivute, na jike mwenye mimba kubwa apumzishwe.

Mwisho, usimweke peke yake ikiwezekana. Punda hufunga urafiki wa dhati na mwenzake, na wakitenganishwa ghafla anaweza kukataa chakula mpaka akaugua. Hata mbuzi wa kukaa naye anasaidia.

Ongea na mfuko wako

Huenda unasema, huruma ni nzuri lakini mimi natafuta pesa. Sawa, tupige hesabu. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Hanywi petroli. Anapita njia ambazo pikipiki huteleza mvua ikinyesha. Lakini akivutishwa na vidonda, siku saba kwa wiki, miaka yake ya kazi inaisha haraka, na mwenyewe anarudi sokoni kununua mwingine ambaye bei yake ilipanda tangu vile vichinjio vifunguliwe. Siku moja ya kupumzika kwa wiki ni rahisi kuliko punda mpya.

Na kuna kazi zilizojificha hapo. Vijana watano wenye mikokoteni wakichanga kidogo kila wiki, daktari akija anatibu wote kwa safari moja. Mmoja wao akijifunza kukata kwato vizuri, ana wateja kuanzia Kairuri hadi Kibugu. Mwingine anayejua kushona viatu au viti vya matatu anaweza kushona mikanda ya kifua kwa turubai na magunia. Hayo yote yanaanza bila mtaji mkubwa.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Walisema kweli, ila hawakusema ni punda yupi. Yule anayesikia sauti yako pekee wakati wa kupigwa atakupiga teke, tena vizuri. Kwa hiyo kesho ukimpita yule wa kando ya barabara, usirushe jiwe. Uliza ni wa nani. Ukiambiwa hana mwenyewe, namba ya afisa wa mifugo wa wadi yenu iwe tayari kwenye simu yako.