Mawe Hayapotei

Chimbeni kishimo uani, wajukuu zangu, upana wake kama mdomo wa bakuli la uji, kina chake kama kidole. Chagueni mahali pakavu, maana hapa Sumbawanga mvua ikishakolea udongo hunata vidoleni na mchezo hauendi. Tieni humo mawe madogo 12, halafu tafuteni jingine la mviringo, zito kidogo, la kurusha. Huo ndio mdako. Mama zenu waliucheza, bibi zenu pia, na wale wavulana waliosema ni mchezo wa kike waliucheza jioni nyuma ya nyumba wakidhani hawaonekani.

Unarusha jiwe lako juu. Kabla halijashuka, mkono uleule unachota mawe kishimoni na kuyavuta nje, kisha unalidaka la juu. Unarusha mara ya pili, unayarudisha yote kishimoni isipokuwa moja. Hilo moja ni lako. Ukibakiza mawili wakati mko kwenye mojamoja, umekosa, ukiangusha la juu, umekosa, mwenzako anapokea. Mkimaliza mojamoja mnaingia mbilimbili, halafu tatutatu, na hapo ndipo kelele huanza.

Leo tuongeze sharti. Mchezaji akishayavuta mawe nje, anasimama kidogo, na wanaotazama wanasema kishimoni yamebaki mangapi. Ni marufuku kuchungulia. Tuseme nimechota 5. Nje mnayaona, ndani hamyaoni. Nani anajua? Ndiyo, 7. Sasa narusha tena, narudisha 4, moja nalichukua. Ndani yapo mangapi? Yule aliyesema 12 amelisahau lililo mkononi mwangu. Ni 11, na hili langu linatimiza 12.

Mmeona? Hakuna jiwe lililopotea. Nilipotoa 5, niliyahamisha tu kutoka ndani kwenda nje, na mnaweza kuyarudisha muda wowote. 12 kutoa 5 ni 7. 7 kujumlisha 5 ni 12. Kazi ni moja, mara inakwenda, mara inarudi. Mimi sipendi mtoto afundishwe kujumlisha mwezi huu na kutoa mwezi ujao, kana kwamba ni watu wawili wasiosalimiana. Shuleni mwalimu wenu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ana vihesabio vyake, vijiti na vizibo vya soda, na ni vizuri sana. Lakini kijiti kinakaa tu mezani kikikusubiri. Jiwe la mdako liko hewani. Halikupi nafasi ya kuota ndoto.

Kuna siku hakuchezeki nje. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai hapa Ufipa mnaujua wenyewe. Basi ingieni jikoni, mumwombe mama maharage 10, na myarudishe baadaye, kwa sababu ni mboga. Mmoja afumbe macho. Mwingine afunike baadhi ya maharage kwa kikombe. Aliyefumba akifumbua anaona 6. Chini ya kikombe yamo mangapi?

Mdogo wenu ataanzia kwenye 6, ataendelea kwa vidole: saba, nane, tisa, kumi. Vidole vinne. Ametafuta jibu la kutoa kwa njia ya kujumlisha, na hakuna aliyemfundisha. Msimcheke kwa vidole vyake. Ataviacha mwenyewe siku akichoka kuvitumia.

Tena, njia hiyohiyo ndiyo ya sokoni. Nunueni karanga za shilingi 300 kwa mama yeyote pale, mpeni sarafu ya 500, halafu msikilizeni anavyowarudishia chenji. Mara nyingi hatasema 500 kutoa 300. Ataweka sarafu moja ya 100 kiganjani, “mia nne,” ataweka ya pili, “mia tano,” basi. Anapanda ngazi kutoka bei hadi kwenye pesa uliyompa. Mnaweza kufungua duka lenu kwa vizibo: kimoja kiandikwe 50, kingine 100, kingine 200. Muuzaji akikosea chenji, anakuwa mnunuzi.

Wakubwa kidogo waende shambani. Mnayajua matuta ya mviringo ambayo wazee wetu hulima kwa kufukia nyasi ndani yake ziwe mbolea. Chagueni mstari wa matuta 20. Mmoja aanzie huku, ahesabu 8 na kusimama. Mwingine aanzie kule, ahesabu 5. Katikati yamebaki mangapi? Msikimbilie kwenda kuyahesabu. Wanaosema 7 waeleze wamepataje. Nimesikia mtoto akijumlisha kwanza 8 na 5 ndipo akatoa, na mwingine akitoa 8, kisha akatoa 5, na wote wawili walikuwa sahihi. Ila msikanyage matuta. Baba mwenye shamba hana habari na hisabati yenu.

Mchezo huu wa kuongeza na kupunguza una umri mkubwa kuliko mnavyodhani. Mbali kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya mashariki, liko Ziwa Edward, na ufukweni mwake pako mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua hapo mfupa mdogo wenye mikato mingi. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi, na sasa umehifadhiwa Brussels. Mikato imepangwa safu tatu. Safu moja ina mafungu haya: 11, 21, 19, 9. Yatazameni vizuri. 11 ni 10 na 1. 21 ni 20 na 1. 19 ni 20 kasoro 1. 9 ni 10 kasoro 1. Wataalamu bado wanabishana kama aliyekata alikusudia hivyo au ilitokea tu. Jumlisheni mafungu yote manne kwa mawe yenu, mtapata 60. Safu nyingine ina 11, 13, 17 na 19. Hiyo nayo ijumlisheni wenyewe, mkishangaa msiniulize mimi.

Waliobaki na hamu wamfuate babu kwenye bao la Kiswahili. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Mnapoanza, 6 zinakaa kwenye shimo liitwalo nyumba, 2 na 2 pembeni yake, na 22 mnazishika kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza mchezoni mojamoja. 6 na 2 na 2 ni 10. 10 na 22 ni 32. Kanuni zote mtazijua mkikua. Kwa leo nawapa fumbo moja. Wewe una kete 32, nami 32. Nimekula kete zako 3. Nimekuzidi kete ngapi?

Naona wengi wameinua vidole vitatu. Haya, gawaneni kete, hamisheni moja tu kutoka upande wako kuja kwangu, halafu hesabuni pande zote mbili kabla hamjanijibu.