Blanketi la Fulana za Semina

Mke wangu ana sheria moja kuhusu fulana: ikitoboka kwapani, inakuwa tambara la deki. Sheria hiyo haina rufaa. Nimeishi nayo miaka mingi bila kufungua mdomo, hadi Jumamosi moja, miezi michache baada ya kustaafu, nikiwa nimekaa barazani na kikombe cha chai. Nikamwona anadeki kizingiti cha jikoni kwa chanjo ya surua ya mwaka 2014.

Niliitambua kwa maandishi ya mgongoni. Oktoba ile chanjo ya surua na rubela ilipitishwa nchi nzima, na mimi nilikuwa kwenye usukani wa Land Cruiser iliyojaa masanduku ya baridi, tukipanda vijiji vya milimani huko Same. Tulilala Gonja usiku mmoja, gari likiwa limeegeshwa mlimani na mawe manne chini ya magurudumu. Sasa Gonja yote ilikuwa ndani ya ndoo, inakamuliwa.

Niliendesha magari ya idara ya afya miaka 31, nikastaafu mwaka 2021 hapa hapa Moshi. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kila kampeni ina semina, na kila semina ina fulana. Daktari huondoka na cheti cha kutundika ukutani, mratibu huondoka na ripoti yenye jina lake. Dereva huondoka na fulana, tena saizi XL hata awe mwembamba kama mimi. Vyandarua, minyoo, Mei Mosi, Mwenge wa Uhuru, Zinduka ya malaria ya mwaka 2010, Sensa ya 2012. Nilipofungua kabati siku ile nilihesabu 26 zilizosalimika.

Binti yetu ndiye aliyeleta wazo. Alinionyesha kwenye simu picha za Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, watu ambao asili yao ni Afrika, na ambao wanawake wao hushona matandiko kwa viraka vya nguo kuukuu. Wanayaita kawandi. Huanza kushona pembezoni, wanazunguka na kuzunguka hadi wakutane katikati, na kila pembe huiwekea kijipambo cha kitambaa kilichokunjwa ambacho kwao ni ua. Kamusi za Kiswahili zina neno mfarishi kwa tandiko la namna hiyo lenye matabaka. Sijawahi kumsikia mtu akilitamka mtaani kwetu, kwa hiyo mimi nimeliita blanketi tu, na majirani wamenielewa.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Mke wangu ana cherehani ya miguu, na mtu aliyefunga minyororo ya magurudumu kwenye tope la Rombo hawezi kushindwa na kushona miraba. Nikakata, nikaunganisha minne ya kwanza, nikaitandaza mezani. Ilikuwa imejikunja kama bati lililong'olewa na upepo. Mraba mmoja ulikuwa umerefuka kwa vidole viwili kuliko mwenzake, ingawa niliikata sawa.

Nikaibeba hadi mjini, kwa fundi anayeshona kwenye baraza la duka. Kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Aliivuta huku na huku, akacheka.

"Mzee, hii umeishona kama kitenge. Fulana siyo kitenge."

Akanipa somo ambalo sikulipata miaka yote niliyovaa nguo. Kitenge kimefumwa kwa nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio zinazopishana na kukabana, ndiyo maana ukikivuta hakiendi popote. Fulana imefumwa kwa vitanzi, kitanzi kimepita ndani ya kitanzi, sawa na sweta, ila vyake ni vidogo mno kwa macho. Ukiivuta, vitanzi vinafunguka, hasa kwa upana. Ukiikata, ukingo unajiviringa wenyewe. Na ukiipitisha chini ya mguu wa cherehani, meno ya chini yanavuta tabaka moja huku mguu unazuia jingine. Hapo ndipo bati lako linapojikunja.

Dawa yake ni kitambaa chepesi chenye gundi upande mmoja, kile wanachoweka ndani ya kola ya shati ili isimame. Unakibandika nyuma ya fulana kwa pasi, na kuanzia hapo fulana inatulia. Nilinunua mita nne na nusu za upana wa sentimita 90, zikatosha miraba 20.

Utaratibu, kama alivyonielekeza na kama nilivyokuja kuujua kwa kuukosea, ni huu. Fulana zote zinafuliwa kwanza, kwa sababu pamba hurudi, na afadhali irudi kabla haijashonwa kuliko baadaye. Unakata kipande kikubwa kuliko unachotaka. Mimi nilikata cha sentimita 45 kila upande, picha ikiwa katikati. Unabandika kitambaa cha gundi. Halafu ndipo unakata kipimo cha kweli, si kabla. Kipimo changu kilikuwa marumaru moja ya 40 kwa 40 iliyobaki tulipotengeneza sebule: naiweka juu ya fulana, nazungusha chaki, nakata. Hakuna rula inayoshinda marumaru, kwa sababu ni nzito na haitelezi. Ukitoa sentimita moja ya mshono kila upande unabaki na mraba wa 38, na miraba minne kwa mitano inafunika juu ya kitanda cha tano kwa sita.

Kuhusu pasi, nisikilize mimi kuliko fundi. Usiisugue kama unanyoosha suruali. Iweke, bonyeza, hesabu hadi kumi na tano, inua, sogea. Na kamwe usiiguse picha ya fulana. Ule wino mnene unaosikika kwa kidole mara nyingi ni plastiki, na plastiki ikipata joto inalainika. Mbu wangu wa Zinduka aliondoka na pasi. Nusu yake ipo kwenye fulana, nusu niliikwangua kwa wembe jioni nzima huku mwenye pasi amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Tangu hapo nilibonyeza upande wa nyuma tu, na chini ya picha nikaweka kipande cha shuka.

Jambo la mwisho la fundi lilikuwa sindano. Sindano ya kawaida ina ncha kali, na ikikutana na uzi wa kitanzi inaukata. Hutaona kitu siku hiyo. Ukishafua mara tatu, tundu linaanza kutambaa. Zipo sindano zenye ncha ya mviringo, za kushonea fulana na jezi. "Hii haitoboi uzi, mzee. Inausogeza, inapita." Alinipa mbili, akakataa hela. Nilimletea parachichi.

Kazi iliyonichukua muda kuliko kushona ilikuwa kupanga. Miraba 20, fulana 26. Nilizitandaza sakafuni sebuleni, nikawa nazihamisha kama kete za bao. Mei Mosi nne zilifanana, nikabakiza moja. Sensa niliiweka pembeni kwa sababu rangi yake ilikuwa inawapigia wenzake kelele.

Moja sikuihamisha. Ni nyeupe, au ilikuwa nyeupe, ya Siku ya Ukimwi Duniani, Desemba mosi 1998. Ubavuni ina mchaniko wa urefu wa kidole, uliozibwa kwa uzi mweusi wa nailoni. Ilinaswa na mlango wa gari tukiwa njiani, na muuguzi aliyekuwa akikaa kiti cha mbele akaniambia nisimame. Akatoa sindano iliyopinda na uzi wa kushonea vidonda, akanishona fulana nikiwa nimeivaa, nyuzi saba, kila moja na fundo lake, huku akiniambia nisitikisike kama mgonjwa mwoga. Alifariki mwaka uliofuata. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule tuliokuwa tukienda kuwaeleza watu vijijini. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na mimi niliendesha gari lililozipeleka kwenye vituo. Nilikuwa nikitazama kile kiti.

Binti yangu alinisomea kwamba huko San Francisco, Marekani, mtu anayeitwa Cleve Jones na wenzake walianza mwaka 1987 kushona vitambaa kwa ajili ya marehemu wa Ukimwi. Kila kimoja kina futi tatu kwa sita, kadiri ya kaburi, na watu walishonea humo mashati, jinzi na fulana za wapendwa wao. Oktoba 11 mwaka huo walivitandaza Washington, 1,920. Leo vinakaribia 50,000, na uzito wake ni tani 54. Nilimwomba arudie hiyo namba. Mimi najua tani ni nini, nimebeba mizigo. Tani 54 ni malori.

Fundi alipouona mchaniko alitaka kuukata, kisha aweke kiraka kizuri kwa mashine. Nikamwambia aache. Akazitazama zile nyuzi saba kwa karibu, akasema aliyeshona hapa si fundi cherehani. Nikamwambia ni kweli.

Mengine yalikwenda haraka. Ndani niliweka blanketi la kijivu la bweni ambalo mwanangu alirudi nalo kutoka sekondari, chini shuka kuukuu, na pembeni nikazungusha ukanda wa kitenge wa sentimita 15, usio na blanketi ndani, ili uning'inie. Wengine hushona mistari juu ya matabaka yote ili yashikane. Cherehani yetu ilikataa unene huo, ikavunja sindano, nikaacha ubishi. Nilitumia sindano ya magunia na uzi wa sweta, nikafunga vifundo kwenye kila pembe ya mraba na katikati ya kila ubavu, yaani kila sentimita 19. Kama ndani ungeweka pamba iliyochambuliwa, vifundo vingepaswa kuwa karibu zaidi, maana pamba huru hutembea na kujirundika upande mmoja. Blanketi halitembei.

Lilikamilika Juni, na anayeijua Moshi ya Juni na Julai anajua kwamba ukungu wa asubuhi huingia hadi chumbani. Mke wangu aliligeuza mara mbili akikagua mishono, akasema pembe ya kushoto imepinda. Ni kweli imepinda. Usiku ule ule alilivutia upande wake, na upande wake ndiko kulikotua Mwenge, minyoo na vyandarua.

Fulana sita zilizobaki nimezifungia kabatini na ufunguo uko kwangu. Juzi nimemkuta anadeki kwa suruali yangu ya kaki ya kazini. Nimemuuliza. Ameniambia ilikuwa imetoboka.